Mpira wa Hita na Kosa Lisilo la Nafula

Nakumbuka asubuhi ile ya soko nilipokufinya paja, Nafula mwanangu, kwa kosa la gari. Ulikuwa na miaka minne. Ukishajua kusoma, soma yote haya, usiruke pale ninapoonekana mbaya.

Tulikuwa tunapeleka nyanya sokoni Tororo kutoka Masaba kwa pikapu yetu kuukuu, mimi kwenye usukani, wewe kando yangu. Zulia la miguuni pako lilikuwa limeloa. Nikakuuliza kwa nini hukusema unataka kukojoa.

"Si mimi, mama. Ni gari."

Nikakufinya. Safari mbili zilizofuata, ikawa vilevile. Nilichofanya baada ya hapo kinaniudhi mpaka leo: siku za soko nikaanza kukunyima uji, ili usinikojolee garini. Mimi, niliyemaliza sekondari, nikashindwa hata kuinama ninuse.

Mara ya nne ulipiga yowe. Tulikuwa tumekaribia mjini, mshale wa joto umepanda hadi mwisho, na maji ya moto yanakutiririkia mguuni. Nikasimamisha gari, nikakuvuta nje. Mguu ulikuwa mwekundu, nashukuru haukuchubuka.

Kijana wa boda akaniletea fundi, mzee mmoja wa pale Tororo. Akagusa zulia, akanusa kidole, akanionyesha ukijani wa maji ya rejeta.

"Wewe mama, huyu mtoto nakunywa nini, nakojoa kijani?"

Vijana wa boda wakacheka. Mimi sikucheka. Mzee akasema maji yale yanavuja kwenye hita, kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari.

"Lakini mzee, hita sijawahi kuiwasha. Joto lote hili!"

"Hata usiwashe, maji iko ndani."

Injini ilipopoa, akaniita niangalie. Nyuma ya injini kuna mipira miwili ya kupitisha maji, myembamba kuliko ile ya rejeta. Inatoka kwenye injini, inafika kwenye ukuta ulio mbele ya miguu ya abiria, na hapo ndipo inaposhika mabomba ya hita. Mmoja ulikuwa umepasuka palepale ukutani, maji yakawa yanaingia ndani kwa tundu. Nikaushika niuvute kwa nguvu, akanipiga mkono.

"Polepole! Ukivunja bomba ya hita, utalia."

Akalegeza klempu, ile pete inayoubana mpira, akaupasua mpira kwa kisu, ukabanduka kama ganda la muhogo. Akabadilisha yote miwili, kwa kuwa ilizeeka pamoja. Akajaza maji, akafungua hita hadi mwisho ili hewa itoke, akaiacha injini ingurume. Akikagua klempu ya mwisho, akaniuliza bila kunitazama, "Mtoto alikuambia?"

"Aliniambia."

"Basi yeye ndiyo fundi. Mimi nabadilisha mpira tu."

Nilikuomba msamaha palepale, mbele ya wale vijana. Uliniuliza kama sasa unaruhusiwa kunywa uji.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiona maji garini, gusa, nusa, ufuate mpira mpaka unapoishia, ndipo useme ni ya nani. Usikate kesi ukiwa kwenye usukani. Na mtoto akikuambia si yeye, egesha gari, shuka, inama utazame. Nyanya hazitaoza kwa dakika hizo.

Mungu akulinde barabarani, akupe magari mazima na mikono isiyoogopa grisi. Na yeyote atakayekuadhibu kwa kosa lisilo lako, Mungu akupe ulimi wa kumbishia, hata akiwa mama yako.