Mchele Uliotembea Wenyewe

Nimeuweka ungo wa mchele mezani, harufu ya pumba ikanipanda puani, nikajikuta nimeondoa mikono.

Nilikuwa mtoto, Temeke, siku ya kuamkia harusi ya dada. Bibi alishaapa kwamba gitaa la besi la mjomba halitapigwa kwake, itapigwa ngoma. Mjomba hakubishana na mama yake. Alikiweka kikuza sauti cha gitaa kwenye benchi, kando ya ungo ambao bibi alikuwa akichambulia mchele, akakiunga na betri ya lori. Akapunguza sauti kali, akaongeza nzito kidogo kidogo, akagusa uzi mmoja wa gitaa.

Benchi likanguruma. Mchele ukaanza kutembea wenyewe, pumba zikajitenga ukingoni. Sie watoto tukaziba midomo.

Bibi akaondoa mikono yote miwili kwenye ungo.

“Mwanangu,” akanong’ona, “usiguse kitu. Hapo hapo.”