Penseli ya Seremala

Jirani yangu seremala hukimbia kilomita ishirini kila Jumapili asubuhi, penseli bado iko sikioni, na kuishia mlango wa nyuma wa kanisa. Mkewe humngoja hapo na joho lake la kwaya na mfuko wa nguo, kwa sharti moja: siku akikosa wimbo wa kwanza, mbio basi. Mimi hukaa kiti cha mwisho, kwa hiyo huwasikia. Jumapili iliyopita alifika kwaya imeshasimama. Mkewe akafungua mfuko, ikatoka sketi ya binti yao.

“Mama watoto, hii niivae mimi?”

“Vaa joho tu, baba. Wanaanza.”

Akavaa joho juu ya bukta, akawahi mstari wa besi, akaimba mpaka madirisha yakatetemeka. Chini ya joho, raba zenye vumbi zilifuata mdundo. Mkewe alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimcheza kwa kicheko, mkononi ameshika penseli aliyomchomoa sikioni.