Kihispania Ndani ya Kiondo

Shule niliiacha darasa la tatu, na shule yenyewe haikunililia. Lakini hapa kwetu nje ya Masii hakuna mwanamke anayenishinda kusuka kiondo. Hilo sisemi kwa kujigamba. Nasema kwa sababu ni kweli na wenyewe wanajua.

Binti yangu wa mwisho aliolewa Uhispania. Ana mtoto mmoja, msichana wa miaka saba, ambaye nilikuwa namjua ndani ya simu tu. Mtoto huyo amefundishwa kuogelea, kupiga piano na kupanda farasi. Ana Kihispania cha baba yake na Kiingereza cha shule. Kikamba hana, hata kuniita susu, yaani nyanya, alikuwa hajui. Nikimuuliza mama yake, anasema walimu wamemwambia asimchanganye mtoto. Kumbe katika lugha zote za dunia, inayochanganya watoto ni yangu peke yake.

Basi kila Jumapili mimi naongea, binti yangu anatafsiri. Siku moja nilimweleza mtoto habari za mbuzi wangu aliyezaa watatu, nikaeleza mpaka mate yakanikauka. Mama yake akasema maneno mawili. Mtoto akatikisa kichwa. Hapo nilijua nimeibiwa.

Waliposema watakuja Disemba, niliapa kwamba nitaongea na mjukuu wangu bila dalali.

Fundi wa simu pale sokoni aliniwekea programu ya kufundisha lugha. Wiki nzima ilinifundisha kusema kwamba wakili ana kobe. Mawakili nimewaona, kwa kesi ya shamba, na walikuwa na mambo mengi, lakini kobe hapana. Nikiotea jibu, simu inapiga tarumbeta kana kwamba nimeshinda uchaguzi.

Nikamwendea jirani yangu, mwalimu mstaafu, anipe Kiingereza. Akajaza karatasi mbili maneno marefu, yale ya mazishini ya kumsifia marehemu ambaye sote tulimjua alivyokuwa. Nikamuuliza kuku anaitwaje. Akasema hayo ni ya watoto wadogo.

"Kwani mwalimu," nikamwambia, "mimi naenda kuongea na nani? Na mbunge?"

Karatasi zake zilinisaidia kuwasha moto.

Nikarudi kwa kitu ninachokijua. Nilianza kiondo kipya, na kila mzunguko nikaupa neno moja: uzi mwekundu Kihispania, uzi wa buluu Kiingereza. Binti yangu nikamwambia anitumie maneno kwa sauti, mawili kwa siku, bila maelezo. Dalali nikamgeuza karani. Nilisuka nikienda kisimani, nilisuka kwenye mkutano wa kikundi, nikitamka neno mpaka mzunguko ukutane. Wanawake wenzangu waliniuliza kama hicho kiondo nakifanyia maombi.

Disemba wakafika. Mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, akawa ananichungulia kwa jicho moja. Binti yangu akafungua mdomo kutafsiri salamu ambayo hata sijaitoa. Nikamtuma jikoni aangalie maharagwe, akakataa kutoka, mtoto alikuwa amemkamata sketi kweli kweli.

Na mimi nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Maneno yote yalikuwa kwenye kiondo, na kiondo kilikuwa kitandani.

Nikakikimbilia. Neno nililotaka lilikuwa "ven", njoo, lakini hilo nilikuwa nimelisuka juu kabisa, karibu na mdomo wa kiondo. Na mkono wangu haujui kuanzia juu. Kiondo huanza kwenye kitako. Basi nikaweka kidole chini nikaanza kupanda: gallina, hen, agua, water, fuego, fire. Mwanamke mzima, mgeni ametoka ng'ambo, namkaribisha kwa kuku, maji na moto.

Mtoto akageuka kumtafuta kuku. Akamwona, akamwonyesha kwa kidole. Nikasema maji, akauonyesha mtungi. Tukapita mbuzi, sufuria, kuni. Kufika jembe, alikuwa ameachilia sketi ili aone vizuri nyuma ya ghala. Nilipofika "ven" nikamwangalia, nikakuta ameshakaa mkekani kwangu anasubiri mzunguko unaofuata.

Maharagwe yakaangaliwa hatimaye.

Wiki tatu tulizunguka boma na kile kiondo. Yeye alinirekebisha Kihispania bila huruma, na mimi kila kitu nikampa jina la tatu, la nyumbani: kuku nguku, maji manzi, moto mwaki. Hakuchanganyikiwa hata siku moja.

Siku ya kuondoka akakikumbatia kiondo, hakiachi. Binti yangu akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, si utasuka kingine."

"Hicho si kiondo," nikamwambia. "Hicho ni kichwa changu, na kinapanda ndege."

Lakini niliacha kiende.

Siku hizi Jumapili mtoto anakiinua mbele ya simu, anaweka kidole kwenye mzunguko na kungoja nitaje. Hana adabu, haanzii chini. Jumapili iliyopita aliweka kidole kwenye uzi mwekundu, nikakwama kabisa. Akaniangalia, kisha akaninong'oneza, "Mwaki, susu."

"Fuego," nikasema. Akacheka, nami nikacheka.

Mama yake akatokeza kichwa nyuma yake, akauliza tunacheka nini. Nikamweleza kwa maneno mawili.