Kitabu cha Ndoa na Kofia ya Marehemu

Hii sijawahi kuisimulia bila kuziba uso kwanza, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize.

Bibi yangu, mama yake mama, hakuwahi kumjua baba yake. Mama yake, Kalunde, aliondoka naye kwa mume akiwa mchanga, na mpaka anaingia kaburini hakumtaja huyo mwanaume, alisema tu kwamba walifunga ndoa kanisani hapa Tabora. Sasa kila Bibi akiumwa kidogo ananiambia, "Mjukuu wangu, nitakufa sijaujua ukoo wangu." Basi nikaenda parokiani, nikaomba, nikafunguliwa kitabu cha ndoa cha zamani, na nilipoliona jina la Kalunde, jamani, moyo ulinienda mbio nikashindwa hata kukaa! Mbele ya jina lake kulikuwa na mwanaume: Petro Kibwana, Mzaramo. Kitabu kile mstari wake unaanzia ukurasa wa kushoto na kuishia wa kulia, ila mimi kwa furaha (na haraka zangu za kuzaliwa nazo) nikapiga picha ukurasa wa kulia tu, nikatoka nduki.

Mzaramo! Mnajua wenyewe, sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara ya pwani. Bibi siku hiyohiyo akaugomea ugali, akadai wali wa nazi wa kwao.

Wiki iliyofuata akafariki Mzee Mihayo wa Kwihara, aliyekuwa akituuzia asali. Ningeenda, nikakaa na akina mama, nikachambua mchele, yakaisha. Lakini mtani msibani ana kazi yake, kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa, nami nikajiambia damu ni damu, Mzaramo nimepatikana. Nikatwaa kofia ya marehemu na fimbo yake, nikatembea kwa kuchechemea kama yeye, nikisema, "Asali hii, ukionja umelipa!" Nikawauliza Wanyamwezi wanamlilia nini bahili yule, kisha nikajilaza mlangoni, nikatangaza jeneza halipiti mpaka nipewe kuku. Watu walicheka mpaka mjane akajificha kwenye kanga. Kuku nikapewa, na kichwa kikanivimba.

Dada yake marehemu, Bibi Nyamizi, akaniita. "Mtani, wewe Mzaramo wa wapi?"

Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo. Kuku kwapani, nikatoa simu, nikamsomea ile picha kwa sauti ili na majirani wasikie.

"Petro Kibwana," akasema polepole. "Huyo si mwenye harusi. Huyo alimsimamia baba yetu kwenye ndoa yake ya kwanza, alikuwa mtani wake. Na Kalunde ndiye mke aliyeondoka na mtoto. Baba alimtafuta mtoto yule mpaka anakufa."

Nikaikuza picha. Juu ya jina la Petro, kwa herufi ndogo mno (ndogo, ila zilikuwepo), pameandikwa: shahidi. Bwana harusi alikuwa kushoto, kwenye ukurasa nilioupuuza.

"Kwa hiyo uliyemwita bahili ni babu yako," akasema Bibi Nyamizi. "Vua kofia, mjukuu wangu. Huyo mtoto yuko hai?"

Nikavua. Nikampigia Bibi, na maneno yote niliyoyaandaa maishani kwa siku hiyo yakanipotea, nikasema tu, "Bibi, ndugu zako nimewapata, panda bajaji uje haraka, kaka yako hatujamzika." Wakasubiri. Bibi alipofika, Bibi Nyamizi akamshika mkono, akamketisha kwenye mkeka wa wafiwa, wakalia wote wawili. Mimi nilikuwa na furaha ya kurukaruka na aibu ya kutafuta shimo niingie, sikujua nianze na lipi.

Vitabu vya ndoa sijaviacha, natafuta bado ukoo wa Kalunde, ila nimeapa: nitasoma kurasa zote mbili, na msibani sifungui mdomo kabla sijajua tunamzika nani wangu.

Siku ile nilitumwa jikoni kumnyonyoa kuku niliyejipatia. Kutoka huko nikamsikia msemaji wa familia akisoma wasifu wa marehemu: ameacha mjane, watoto, wajukuu na dada mmoja. Kisha akasoma upya: ameacha dada wawili.