Bahasha Niliyoiacha Wazi

Wiki ile nilikuwa sikaliki. Nikae, nisimame, niende mlangoni kuchungulia barabara ya Bukoba, nirudi kwenye kompyuta moja tuliyokuwa nayo maktaba ya parokia, niifute vumbi nililokwisha kulifuta.

Ilikuwa miaka ya tisini, Nyakasimbi. Kazi yangu ilikuwa kuandika masimulizi ya wazee na kuwapelekea watafiti walioyaomba. Bibi mmoja mfugaji, aliyevuka Mto Kagera zamani akikimbia kutoka Rwanda, alinisimulia yote kwa sharti moja: asome mtafiti peke yake. Maana mwanawe wa kwanza hakumzaa. Alimkuta kwenye mafunjo ya kando ya mto, mchanga bado, analia.

"Akijua, utakuwa umenizika," aliniambia. Nikaapa.

Basi nikajifanya mjanja. Faili nikalitia kwenye disketi, nikalifunga kwa neno la siri. Disketi ikaenda Bukoba, ofisini kwa mtafiti, kwa gari la parokia. Neno la siri nikaliandika kwenye barua, nikaitia kwenye bahasha, lipite mkono mwingine. Na aliyekuwa anasafiri wiki ile, na lori la kahawa, ni nani? Huyo huyo mwanawe. Nikajisemea, neno moja tu litamwambia nini?

Kwetu, ukimkabidhi mtu mzima barua akupelekee, huifungi wewe. Ni kama kumwita mwizi. Unampa wazi, naye kwa heshima anaifunga mbele yako. Lakini lori lilikuwa linapiga honi, akaisokomeza mfukoni ilivyo. Nikaona aibu kumkumbusha. Mjinga mimi!

Siku ya tatu dereva wa parokia akarudi anacheka. Mtafiti hakuwepo, akasema, na karani wa pale alitaka kujua kama disketi imepona mashimo ya njiani. "Bahati nzuri yule ndugu akatokea na neno lako. Wakaifungua, inasomeka safi!"

Bahati nzuri! Nusura nimrushie kiti.

Kesho yake mwana mwenyewe akaingia. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono. Akaweka disketi mezani.

"Nimeirudisha. Ina kosa. Umeandika 'mtoto wa kuokota'."

"Ndivyo alivyosimulia mama, kaka."

"Mama hawezi kusema hivyo. Tazama daftari lako."

Nikafungua daftari nililoandikia siku ile mbele ya bibi. Kila mahali, tangu kwenye mafunjo, alikuwa amesema "mwanangu". Hayo ya kuokota niliyatia mimi, ili mtafiti aelewe haraka. Uso ukaniwaka.

Nikafuta, nikaandika upya. Alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza.

"Sasa mtafiti anaweza kupelekewa," akasema. "Ila mama asijue kwamba najua. Atakosa raha bure."

Kisha akatoa ile barua mfukoni, imekunjamana. Akalamba gundi, akaifunga mbele yangu.