Mashine Aliyotagia Kuku

Siku chache baada ya arobaini ya baba, mama aliniita chumbani, alikokuwa amekaa eda, akaniambia nikaitengeneze ile mashine ya kufulia. Nikamuuliza mashine ipi, kana kwamba nyumba yetu ya Kibiti ina karakana. Akanitazama vile anavyomtazama mtu aliyeunguza wali.

Mashine hiyo ilikuwa uani, chini ya bati, tangu sijazaliwa. Sikuwahi kuiona ikifua hata leso. Tuliijua kama kabati la mbegu za ufuta, na miaka ya karibuni kama makazi ya kuku mmoja mweupe aliyekuwa akitagia ndani ya pipa lake. Baba akiulizwa alikuwa akisema imekwama gia, kwa sauti ya mtu anayetaja maradhi ya ukoo, kisha anaulizia chai.

Nikadhani msiba umemchanganya mama. Mtu kafiwa na mume, badala ya kulilia mume analilia mashine. Tena fundi aliyemchagua ni mimi, kitinda mimba, kidato cha nne, ambaye alama yangu ya fizikia mwalimu aliiandika kwa huruma. Mimi nikitoka barazani mpaka dukani najiona nimesafiri. Kaka yangu alikuwa Chumbi kwenye mpunga, kwa hiyo msaidizi wangu akawa mkewe, wifi yangu, ambaye hajawahi kupitwa na nafasi ya kunicheka.

"Wifi, kuku kahama mwenyewe," aliniambia nilipotokea na spana. "Kajua fundi ni wewe."

Nilipochomeka umeme, mota iliunguruma, mkanda ukatetemeka, pipa halikusogea. Nikachomoa kabla hatujaunguza nyumba. Palipokwama ni chini ya pipa, kwenye sanduku la gia, dude la chuma zito kama kinu, linalopokea nguvu ya mota na kulizungusha pipa. Kwenye simu nilimwona mzee mmoja akilifungua sanduku kama hilo huku akipiga mluzi. Sisi lilitumalizia mchana, na mluzi alipiga wifi, kwa kunikejeli.

Nilitegemea kukuta nati ambazo hazijaguswa tangu kiwandani. Nilizozikuta zimelika vichwa kwa kufunguliwa na kufungwa. Moja haikufanana na nyingine. Ilikuwa nati ya baiskeli. Kifuniko kilipotoka tukapigwa na harufu ya nazi, tena nazi iliyovunda. Meno ya gia yalikuwa yamezama kwenye kitu cha kahawia, kigumu kama kashata.

Wifi akakikwaruza kwa ukucha, akanusa, akakaa chini. Akasema hiyo si grisi, ni mafuta ya nazi.

Katika nyumba ile mwenye mafuta ya nazi na spana ya baiskeli alikuwa mmoja tu. Baba yangu, mtu ambaye hakuwahi kugongelea mguu wa kiti, ambaye uvivu wangu wote nilijua nimeurithi kwake, alikuwa akilifungua sanduku hili tusipokuwepo na kulikanda mafuta kama mtoto mchanga. Na mafuta yake ndiyo yaliyoganda na kuimaliza mashine kabisa. Sikujua nicheke au nilie, nikaenda kuleta mafuta ya taa.

Tukaliloweka sanduku kwenye karai mpaka kesho yake, tukayakwangua yale mafuta yaliyoganda kwa vijiko. Ekseli, chuma kinachobeba pipa, ilikuwa imeshikana na tundu lake kwa kutu, ikabidi tuipashe moto kwenye jiko la mkaa na kuigonga kwa mchi. Ilipoachia ilitoa mlio uliomfanya wifi atoe shahada. Grisi mpya tulipata kwa fundi pikipiki.

Siku tuliyoifunga ndiyo siku aliyokuja baba mkubwa, kaka yake baba, kutoka Mtunda, kwa mambo ya mirathi. Alikuwa barazani na kahawa yake. Tukajaza maji kwa ndoo, nikasoma bismillahi, nikachomeka.

Pipa likazunguka. Nilibaki nimeshika sabuni kama mtu aliyefufua maiti kwa bahati mbaya.

Baba mkubwa akaja uani na kikombe mkononi, akaitazama mno, akasema kama ni nzima basi nayo ihesabiwe kwenye mirathi. Ikiwa mbovu hakuna ambaye angeitaka. Nilikuwa nimemnyang'anya mama kitu chake kwa mikono yangu miwili, tena kwa bidii, mimi nisiye na bidii.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia.

"Shemeji, hiyo si mirathi. Hiyo ni mahari yangu, na shahidi ulikuwa wewe."

Baba mkubwa aliishusha kahawa yake, mashine ikimsubiri. Kisha akakumbuka, tena kwa aibu. Huko kwao mama, Umatumbini, bibi harusi alipoulizwa anataka nini alisema mashine inayofua, kwa kuwa amechoka kufulia kaka zake. Watu walicheka, yeye baba mkubwa zaidi. Baba akakubali, akaileta mtumba kutoka Dar es Salaam, na haikuzunguka hata siku moja. Mahari ni deni, alisema baba mkubwa, na deni hutolewa kabla ya mirathi. Akarudi barazani.

Niliingia kwa mama nikiwa na maneno yangu tayari, kwamba nimekuwa mtoto wa kwanza Pwani nzima kumlipia baba yake mahari. Hakucheka.

"Alipozidiwa aliniomba nimsamehe hilo deni," alisema. "Nikamwambia, izunguke kwanza. Nilikuwa namtania, mwanangu. Tulizoea hivyo. Akacheka, akafumba macho."

Hakuyafumbua tena. Nilitazama grisi kwenye vidole vyangu. Mama akasema amemsamehe kila swala tangu siku ile, lakini neno aliloondoka nalo baba lilikuwa lile, izunguke kwanza.

"Inazunguka kweli?" akaniuliza.

Baba mkubwa alipoaga, mama akajitanda, akasimama mlango wa uani. Maji yalikuwa yakienda na kurudi.

"Nimekusamehe, baba watoto," akaiambia mashine.

Kisha akainama, akachungulia. Juu ya povu yalikuwa yakizunguka manyoya meupe. Akauliza nani alikuwa na kazi ya kusafisha pipa, na wifi akaninyooshea kidole.