Siku Niliyowaita Wezi Wageni wa Shosho Doris

Wacha niwaambie, hata nikicheka nikisimulia hii naumia ndani, na bado kuna majirani huku ughaibuni, hapa Brooklyn Center, nikiwaona narudi kwa nyumba hadi wapite.

Shosho Doris alikuwa mzungu mzee wa nyumba inayotazamana na yetu (shosho, yaani nyanya, wa kujipatia, msiniulize ukoo), na ndiye alinifundisha huu mtaa: kwamba hapa kulikuwa mashamba ya viazi, kwamba baada ya vita vya pili vya dunia wakajenga hivi vijumba vinavyofanana kama mikate, kwamba alikuja akiwa bibi harusi na hii miti ilikuwa myembamba kama mti wa ufagio, halafu wenzake wakahama mmoja mmoja, tukaingia sisi na Waliberia, yeye akabaki.

"Waliniambia nihame," alikuwa akisema, "nikawauliza, nimwachie nani mtaa?"

Mtu akiusema vibaya huu mtaa mbele yangu, tunakosana hapo hapo.

Sasa, Jumamosi moja natoka kazini Anoka, nimepiga dabo shifti wiki nzima nikilea wazee wa watu wengine, naona watu wanatoka kwake na vitu. Viti, sufuria, hadi redio! Badala ya kushuka niulize kama binadamu, nikapaki gari kukinga njia ya gereji, asitoke mtu, nikamrukia mama mmoja aliyebeba ile blanketi ya viraka Shosho alishona mwenyewe.

"Wezi nyinyi! Mnaibia mzee mchana?"

Akavuta, nikavuta, blanketi ikachanika praaa. Majirani wote nje, simu juu. Otieno, ninayeishi naye, akaja mbio na ndara: "Wewe, achilia! Wameweka bango hapo kona, wanauza vitu vya nyumba!"

"Kwa ruhusa ya nani? Mwiteni mwenyewe atoke!"

Akatoka mwanamke mwenye sura ya Shosho kabisa. Binti yake.

"Mama alifariki," akasema polepole. "Tulishamzika."

Nilibaki nimeshika kipande. (Kwetu hata usiyemjua akifa unasikia matanga, hapa nimelala ng'ambo ya barabara na msiba na sijui, na vyombo vya marehemu vinauzwa na bei zimebandikwa.)

"Wewe ndiye yule kijana wa kupiga kelele kwa simu Mama alikuwa akitutajia?" akaniuliza. "Alikuwa hazimi taa ya barazani hadi aone umerudi kazini."

Na mimi sikuwa hata nimegundua kwamba imezimwa.

Niliondoa gari. Siku hizi jirani akinipotea kidogo tu, nagonga mlango, hata kama atanifungulia na matusi.